Kituo cha Kupitia

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi wa mapazia aliazima gari la mumewe kupeleka mapazia ya zahanati. Kurudi, akakuta barabara aliyoizoea imefungwa, basi akabonyeza "Nyumbani" kwenye chombo cha kuelekeza njia.

"Baada ya mita mia mbili, pinda kulia."

Kulia palikuwa na ukuta wa kiwanda cha maziwa. Akapinda. Ukuta ukasogea kando kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, naye akaingia barabara ya changarawe.

"Umefika nyumbani."

Ilikuwa nyumba ya mke wa kwanza wa mumewe, aliyefariki miaka sita iliyopita. Nyumba yenyewe ilikwisha kubomolewa. Marehemu alikuwa barazani akipiga pasi.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Mwenyewe huja jioni."

Fundi aliketi. Shati la mistari lililokuwa chini ya pasi alilijua. Mumewe alidai limeibwa kambani. Ndara zake zilikuwa mlangoni, mpya kuliko za kule kwao. Chai aliyopewa ilikolea sukari, akainywa kama shubiri.

Aliporudi alikitoa kitabu cha maelekezo ya chombo kile, akakisoma akifuata maneno kwa kidole. *Nyumbani: mahali anaporejea dereva, huwekwa na dereva mwenyewe. Kituo cha kupitia: mahali dereva anaposimama kwa muda kabla ya kuendelea na safari.* Akaitafuta nyumba yake kwenye chombo. Ilikuwa kwenye orodha ya vituo vya kupitia, ya tatu, chini ya kituo cha mafuta.

Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu asiyekosea hata gramu.

"Kumbe ulipita ukutani?" aliuliza alipoelezwa, akivua viatu. "Ile njia ina mashimo, ungeniulia springi."

"Mimi ni kituo cha kupitia?"

"Hiyo ni lugha ya mashine tu, mke wangu."

"Basi badilisha."

"Nitabadilisha. Wiki hii kazi zimenibana."

Jumatatu fundi alijaribu mwenyewe. Alibonyeza "Nyumbani" bila kuachia, kama kitabu kilivyoagiza. Chombo kikamjibu kwa sauti ya marehemu, bila ukali: "Haiwezekani, mdogo wangu. Mpaka dereva."

Alhamisi jioni alitangulia garini, akafunga mkanda. Mumewe akawasha gari. Ukuta ukawapisha. Marehemu akatoa kiti cha tatu, akamwonyesha mume taulo, naye akaenda kuoga.

Huko bafuni akaanza kuimba. Aliimba nyimbo tatu mfululizo, kwa sauti nzito, safi, ambayo fundi hakuwahi kuisikia katika miaka minne ya ndoa. Hata siku ya harusi yao alisema koo linamwasha.

"Ndivyo alivyo," marehemu alisema. "Kwako naye huimba?"

"Huimba," fundi akajibu haraka. "Tena sana."

Marehemu akamwongezea chai.

Waliporudi, mumewe alilalamika kwamba vumbi la njiani limemganda mwilini, akaingia kuoga tena. Fundi akasimama nje ya mlango wa bafu, sikio kwenye mbao, mpaka ndoo ikaisha. Alisikia maji tu.