Makofi ya Fundi Bomba

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, mshonaji wa mavazi wa jumba la maonyesho, ambaye mji mzima ulimwita Mama Sindano, alilianika pazia la jukwaa kwenye kamba ya uani na kulichapa kwa mpini wa ufagio. Pazia lilikuwa la mahameli, na mahameli hunasa makofi. Yasipokung'utwa kila wiki hudondoka yenyewe katikati ya onyesho, hasa mtu anapokata roho jukwaani, na wageni huona jumba halina adabu.

Jumba lilikuwa na miaka themanini. Humo ndimo mji ulimojifunzia kucheka pamoja na kulia bila kuoneana aibu, kwa hiyo makofi yake yalikuwa ya kila namna. Ya wanafunzi yalirukaruka. Ya madiwani yalikuwa ya vidole viwili tu. Kinyozi wa jirani aliyatambua yote kwa sauti, akawa anawatajia wateja wake nani alikuja na nani alisinzia.

Kwa mujibu wa kanuni, makofi yalikuwa mali ya mwigizaji mkuu, aliyeitwa Mfalme kwa kuwa hakuwahi kukubali kuigiza cheo cha chini. Aliyabeba nyumbani kwa viroba. Asubuhi akitoka kuoga, mkewe alimfungulia kimoja.

Jumatatu moja Mama Sindano alifumua pindo la pazia lililochakaa, pindo ambalo halijaguswa miaka mingi, yakaanguka makofi mazito, ya polepole. Akaketi juu ya ndoo. Yalikuwa ya marehemu mumewe, fundi bomba, ambaye alikuja kila Jumatano na kupiga makofi mavazi yalipoingia tu, kabla mtu hajafungua mdomo. Mara mbili alitolewa nje kwa kulishangilia koti. Mama Sindano alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akayakusanya kwenye kiroba na kwenda nacho kwa meneja.

"Haya ni ya mume wangu," alisema. "Alikuwa ananipigia mimi."

"Ulikuwa jukwaani, mama?"

"Nilikuwa nyuma, nashona."

"Basi unaona mwenyewe. Kanuni ni kanuni."

"Pole, mama," alisema Mfalme, aliyekuwa akipita, "lakini watu walikuwa wananitazama mimi." Akajitwika kiroba begani, akaondoka nacho.

Kesho yake alitoka bafuni na taulo kiunoni, mkewe akafungua kiroba. Kimya. Akainama kwa madaha. Kimya. Akavaa suruali ya dukani, mambo yakawa yale yale. Alipopitisha mkono kwenye shati aliloshonewa na Mama Sindano, makofi yakaitikisa nyumba mpaka alipofunga kifungo cha mwisho. Kisha yakarudi yenyewe kirobani, jambo ambalo makofi mengine hayafanyi. Fundi bomba alikuwa mtu wa utaratibu.

"Baba watoto, hayo si yako," mkewe alisema. "Ni ya shati."

"Na shati ni la nani?"

Lisemwalo lipo, na hili lilisemwa sana kwa kinyozi. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umekubaliana makofi yale ni ya nani. Meneja naye alikubali, ila kanuni hakuigusa. Bango la msimu uliofuata lilitoka na jina la Mfalme kwa herufi za urefu wa mkono. La mshonaji halikuwamo, kama miaka yote.

Mama Sindano hakugomba. "Mwenye nguvu mpishe," alimwambia kinyozi, akabadilisha njia ya kwenda kazini. Siku hizi saa moja asubuhi husimama chini ya dirisha la Mfalme, mkoba mkononi, tabasamu usoni, mpaka bwana huyo amalize kuvaa.

Juzi alimpelekea shati jipya la zawadi. Mfalme alilisifia, akauliza tu mbona lina vifungo arobaini.

"Ndio mtindo, baba," alijibu Mama Sindano.