Nilivyomkataa Msimulizi Hamshadi

Wanaosema nilimvunjia heshima baba yangu waje waniambie usoni. Nyumba yangu haijahama, na ulimi ninao.

Mji mzima wa Nishapuri ulimjua baba yangu, Sheikh Hamshadi. Aliwahi kwenda hadi Baghdadi kufuata hadithi moja tu ya Mtume, na alipomkuta msimulizi wake akiapa sokoni kuwa tikiti bovu limechumwa asubuhi hiyo, aligeuza njia bila hata kumsalimia. Hata ami yake, mtu wa sala na saumu, alimkataa kama msimulizi, kwa kuwa alikuwa msahaulifu. Ami yule hakusema naye tena mpaka kufa. “Maneno ya Mtume hayapokewi kwa kuoneana haya,” Baba alikuwa akituambia tukila.

Tulipomzika mama, akili ya Baba ilianza kumponyoka. Siku moja akifundisha, alisema amesikia hadithi kwa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, na wanafunzi wakaandika. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia. Kibaya zaidi, akawa anakubali lolote analotiliwa mdomoni. Kwetu sisi watu wa hadithi, msimulizi akifika hapo, uongo mmoja unachafua umri wake mzima, maana hakuna atakayejua lipi ni la zamani na lipi ni la jana. Nikafunga mlango, nikawaambia wageni anaumwa.

Lakini ndugu yangu Mahmishi alikuwa anautamani ukadhi. Bakhtiyari, katibu wa amiri, alimwahidi ataupata iwapo Baba atasimulia msikitini hadithi inayosema ukoo wa amiri ulitabiriwa na Mtume kutawala. Hadithi yenyewe ilipikwa ikulu, hata moshi wake ulikuwa haujaisha!

Ijumaa ile nilikuwa nachoma mikate. Niliporudi chumbani kwa Baba nikakuta mkeka mtupu na mlango wa nyuma wazi. Nilikimbia hadi msikitini na unga mikononi. Baba alikuwa ameketi mbele ya watu, Mahmishi amemshika mkono, katibu ameinama sikioni mwake.

“Sheikh, si ulimsikia mwalimu wako Laithi akisema kwamba…”

Nilipasua pazia la wanawake. “Ngoja kwanza!”

“Bibie, rudi kwa wenzako,” alisema Bakhtiyari.

“Nitarudi nikimaliza. Baba! Si ulimsikia Laithi akisimulia kutoka kwa Shabibu, muuza matikiti wa mtaani kwetu?”

“Naam,” Baba alisema akitabasamu. “Laithi alinisimulia, kutoka kwa Shabibu.”

“Mimi?” Shabibu aliruka kutoka safu ya nyuma. “Jamani, Laithi mwenyewe hata simjui!”

Kuna waliocheka. Tabasamu lile la Baba liliniuma kuliko siku ya kumzika mama. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na sikuwa na nia ya kuishia njiani.

“Mmesikia wenyewe,” nilisema. “Msimulizi Hamshadi amechanganyikiwa tangu mkewe alipofariki. Alilosimulia kabla ya hapo lishikeni kwa meno. La baada ya hapo litupeni, liwe la amiri au la nani.”

“Huna haya?” katibu alifoka. “Unamwaibisha babako mbele ya mji mzima! Na unajua ni nani unayemnyima?”

“Namjua sana. Na huyu mzee alimkataa ami yake wa damu. Itakuwa mimi nimwogope amiri wako?”

Baba alinitazama. “Huyu mwanamke ni nani?” akauliza.

Hakunitambua. Nilijizuia nisilie, maana Bakhtiyari alikuwa ananiangalia.

“Ni Raita, binti yako,” mwanafunzi mmoja alimwambia.

Baba alikaa wima. Sauti yake ya zamani ikarudi, ile iliyowatetemesha wasimulizi wa Khorasani. “Sikuuliza binti wa nani. Ni mkweli?”

Msikiti mzima ulimtazama katibu kwa hofu. Mahmishi alikuwa bado ameshika mkono wa Baba.

“Ni mkweli, Baba,” alisema. “Mimi ndiye si mkweli.”

“Basi andikeni maneno yake,” Baba alisema, akiuondoa mkono wake taratibu mkononi mwa Mahmishi. “Na huyu mwingine msipokee kwake.”

Wanafunzi wakaandika nilivyosema, na katibu wa amiri amesimama pale pale anawaona.