Mashahidi Watatu wa Boti ya Buluu

Kompyuta ilisema tisini na sita kwa mia. Yaani, katika asubuhi mia kama ile, mara tisini na sita mwizi wa kaa ni Hjalmar, mwenye boti iitwayo Teisten, na mara nne tu ni mtu mwingine. Mkaguzi wa uvuvi alikuwa ameshuka melini tangu saa tatu, anangoja karatasi yetu. Namba ikizidi tisini, Hjalmar ananyang'anywa leseni ya kaa. Na kwetu Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, mwenye boti ndogo akikosa kaa, boti huuzwa kabla ya kiangazi.

Sahihi ya kuipitisha karatasi ilikuwa yangu. Sitaficha: nilifurahi.

Hjalmar alikuwa amenicheka mkahawani, mbele ya watu. Alisema mimi, Tarjei, ni mvuvi hodari, navua kwa kidole kimoja mbele ya kioo cha kompyuta, na bahari haijawahi kunilowesha soksi. Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Jibu langu lilikuja kesho yake, nikiwa peke yangu kitandani.

Kwa wiki tatu mtu alikuwa akiinua madema, mitego ya kaa, ya wenzake ghubani na kubeba kaa wao. Kazi ya kituo chetu, kule juu kilimani, ni kukusanya vipande. Rada huona kitu lakini haijui jina lake. Ndege ya doria huona mawingu yakiiruhusu. Watu hupiga simu. Kompyuta huvipima vyote na kutoa namba moja. Kipande kimoja ni tetesi. Vitatu visivyojuana vikisema neno moja, huo ni ushahidi.

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, rada ilionyesha boti ndogo ikitoka kwenye madema. Chombo chake cha kujitambulisha kilikuwa kimezimwa. Ndege ikaripoti: Teisten, boti ya buluu. Kisha Solbjørg, mama anayepokea samaki gatini, akapiga simu kwamba Teisten imepita nje, ile ya buluu. Ijumaa tulikuwa na tisini na sita.

Mkuu wa zamu alikuwa Ragnfrid, mwanamke asiyeamini hata saa ya ukutani. Alisoma karatasi mara mbili.

"Mbona wanakubaliana hivi?" akauliza.

"Kwa sababu ni kweli."

"Watu watatu wakiona kitu kimoja, hugombana, kijana. Mmoja atasema nyeupe, mwingine atasema kijivu. Hawa wanaimba kwaya."

Akaniambia nisitie sahihi kabla sijashuka kuitazama boti hiyo kwa macho yangu. Nilishuka kwa hasira, nikikanyaga theluji kama iliyonikosea.

Teisten ilikuwa imefungwa mwisho wa gati. Ilikuwa nyeupe.

Nyeupe yote, kutoka maji hadi paa la chumba cha nahodha. Wazo langu la kwanza, nalisema kwa aibu, lilikuwa kwamba amepaka rangi ili ajifiche. Nilivua glavu nikakwaruza kwa ukucha. Rangi ilikuwa ngumu kama jiwe, na juu yake barafu kuukuu. Tangu Januari baridi haikuwa imepungua. Rangi inayopakwa kwenye baridi ile hubanduka kama magamba. Boti hii ilipakwa bandani, zamani.

Hjalmar akachomoza kichwa. "Unatafuta nini, mvuvi? Soksi zimelowa?"

Nikamuuliza alipaka lini.

"Mwezi wa kumi. Binti yangu ndiye aliyechagua rangi. Si mnaniona kila siku huko juu?"

Nilipanda kilima kurudi kituoni.

Nilimpigia rubani. Akasema kulikuwa na theluji angani. Waliona boti ndogo, rangi hawakuitambua. Jina na rangi vilikuwa vimeshaandikwa kwenye kioo chao, wakavirudia. Nikampigia Solbjørg. Akazungukazunguka, mwisho akakiri kwamba yeye alisikia mtambo wa boti tu. Jina na rangi alivisikia redioni, ndege ilipokuwa ikiongea.

Sikuwa na haja ya kuuliza kioo cha ndege kilivipata wapi: tunachoandika kituoni huonekana hapo papo hapo. Nilifungua kumbukumbu za Jumanne. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, pembeni ya nukta isiyo na jina, mtu aliandika: "Teisten? Boti ya buluu." Zamu ilikuwa yangu. Rangi niliitoa kwenye kumbukumbu za kiangazi kilichopita, jina nililitoa moyoni. Alama ya kuuliza ilibaki kwangu, jina likasafiri. Lilipanda ndege, likaangukia sikioni mwa Solbjørg, likarudi kilimani limevaa nguo za watu watatu.

Ragnfrid alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema nitayafuta maneno yale.

"Hufuti kitu," akasema. "Andika chanzo."

Kuna mahali pa kuandika chanzo cha kila taarifa. Nikaandika jina langu mara tatu. Kompyuta ikahesabu upya, na namba ikashuka hadi thelathini na moja.

Mkaguzi aliisoma karatasi bila kuketi. Akauliza jambo moja tu: kwa nini siku ile niliandika jina hilo na si jingine. Ragnfrid akatazama dirishani. Hakunisaidia.

"Alinicheka," nikasema.

Akaliandika hilo pia. Kisha akasema thelathini na moja ni namba ambayo nusu ya boti za bandari hii zinaweza kuwa nayo, akaondoka na meli ya alasiri. Leseni ya Hjalmar ilibaki kwa Hjalmar.

Mimi niliondolewa kwenye meza ya rada hadi Pasaka, nikapewa kupanga majalada ya zamani. Ni haki. Lakini thelathini na moja si sifuri. Chombo cha kujitambulisha cha Teisten nacho kilikuwa kimezimwa asubuhi ile; kwa nini Hjalmar alikizima? Anasema anaficha mahali pake pa kuvulia, na kweli kila mvuvi huficha.

Jumatatu iliyofuata nukta ndogo ilionekana tena karibu na madema, haina jina. Mwenzangu aliyeshika meza ya rada aligeuza kiti akaniuliza nadhani ni nani.

Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Nikaenda kuchemsha kahawa.