Milango Ifungwe Dakika Nne

Gari lile nalijua. Rangi imebadilishwa, lakini mbonyeo ulio chini ya mlango wa nyuma ni ule ule niliouona miaka sita iliyopita, binamu yangu Abubakr alipoingizwa ndani "kuulizwa maswali mawili". Hajarudi. Tulipouliza polisi, tuliambiwa hakuna gari kama hilo, wala hakuna shahidi. Nimelipigia kelele jambo hilo kila baraza.

Leo limeletwa kwangu, gatini Mokowe. Kiyoyozi hakitoi baridi.

"Bwana fundi, kisanduku kingine hiki hapa," alisema Murithi, afisa asiyevaa sare. "Fanya gari ikitambue."

Kisanduku hicho, ubongo wa kiyoyozi, kilikuwa kimetolewa kwenye gari jingine. Lazima kiandikiwe upya kwa kompyuta: injini gani, usukani upande gani. Kisha vijimota vya hewa vijipime. Madirisha juu, milango ifungwe dakika nne, mtu asiguse kitu.

"Basi tukae," akasema, akashika usukani. Mimi kando yake. Mlango wangu haukuwa na kitasa kwa ndani.

"Ulisomea wapi haya?"

"Sikusoma. Nilijifunza mwenyewe."

"Na kuhutubia watu, pia ulijifunza? Wewe si Gharib wa Wiyoni?"

Nikakazia macho kompyuta mapajani mwangu. Asilimia sitini. Sabini. Mkono wangu umekulia kwenye mashine za boti, ambako ukingoja unazima kuokoa betri. Kabla sijafikiri ukanyooka, ukazima ufunguo.

Kompyuta ikalia. Taa za kisanduku zikafa.

"Umefanya nini?"

"Mazoea ya boti, Bwana."

"Mazoea! Hayo utaenda kuyaeleza mahali."

Mahali. Wapi?

"Kitaamka," nikasema. "Nitoe waya wa betri kwanza, tuanze upya."

Ilikuwa kweli. Akanitazama, naye akitota jasho. Akazunguka, akanifungulia, akarudi kwenye usukani.

Nikainua boneti, ikamziba asinione. Nikang'oa waya. Wasafiri wa boti za kwenda kisiwani Amu walikuwa wamepanga foleni hatua ishirini kutoka pale. Nilitaka kukimbia, lakini ukikimbia watasema una hatia. Nikapaza sauti, ikatoka nyembamba kama ya mgonjwa:

"Jamani! Mimi ni Gharib wa Wiyoni! Nitazameni vyema! Saa nne asubuhi, mzima, kwa miguu yangu miwili! Atakayesema hakuniona ni mwongo!"

Vichwa vikageuka. Mwanamke mmoja akainua simu, akanielekezea.

Nyuma ya boneti mlango ukafunguliwa. Nikaanza tena: jina langu, la baba yangu, la babu yangu.