Ngazi ya Bweni la Juu

TANGAZO RASMI KWA UMMA. Kwa mamlaka tuliyopewa na sheria za ujenzi, ngazi hii imefungwa. Vipandio vyake vina kimo cha sentimita kumi na nane badala ya kumi na saba zilizo kwenye ramani, jambo linalohatarisha maisha ya binadamu. Atakayepanda atajijua mwenyewe.

Serikali yenye mamlaka hayo ilikuwa Natasha wa kidato cha tatu, aliyebandika karatasi ile ukutani kwa uji wa asubuhi. Alikuwa amechoka. Maji hayakufika bweni la juu, basi kila jioni wasichana waliyapandisha kwa ndoo, hata akahisi mikono yake imerefuka hadi magotini. Ramani ya jengo ilitundikwa nje ya ofisi, mahali aliposimamishwa kwa utundu mara nyingi mpaka akaikariri. Alipopima vipandio kwa rula yake na kupata kumi na nane, aliona Mungu mwenyewe amempa likizo.

Mwalimu Mkuu, Madam Jerotich, hakuuliza mhuri uko wapi. Mkaguzi alikwisha kulifunga jiko la shule mwaka uliopita, na tangu hapo karatasi yoyote iliyotaja sheria ilimtetemesha. Aliamuru vitanda vihamishiwe ukumbi wa kulia. Waliovibeba ni wasichana. Na ukumbi ulikuwa mbali zaidi na bomba.

"Hii serikali inatutakia nini?" Beldina, jirani yake wa kitanda, alinung'unika huku akisugua mgongo. "Si ingengoja tufunge shule?"

Natasha akajifunika blanketi hadi utosini.

Asubuhi akaja Fundi Jairus kutoka Khayega, aliyeijenga ngazi ile na kuitwa jana yake aje aibomoe. Alikuwa na nyundo kubwa, lakini aliketi kwenye kipandio cha kwanza kama mtu aliyefika matangani.

"Madam, nikibomoa hii kazi yangu mbele ya watoto, nani Khayega atanipa jengo lingine?"

"Fundi, karatasi imesema. Bomoa."

Jairus akaisoma tena karatasi, akatoa tepu yake. Akapima kipandio kimoja: kumi na saba. Akapanda, akapima kingine. Kumi na saba.

"Sasa hii serikali inapimanga na nini? Imeongeza sentimita moja kila mahali. Ni kama rula yake haina mwanzo."

Beldina aliangua kicheko kabla hajajizuia. "Rula ya mkate!"

Shule nzima iliijua. Natasha aliikatia mkate mgumu wa meza yao kila Jumapili, hadi ncha yake ikavunjika. Sasa ilianzia kwenye moja.

"Natasha," Madam akasema polepole. "Ilete."

Ikatoka kwenye mkono wa sweta, ingali na siagi. Jairus akailaza kando ya tepu. Hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, jana sikulala. Nilikuwa naijenga hii ngazi upya kichwani, nikitafuta mahali nilikosea."

Natasha alikuwa ameandaa hotuba nzuri ya kujitetea. Ikapotea yote.

"Ni mimi, Madam. Nilitaka kupumzika kubeba ndoo tu. Fundi hana makosa. Ni hii rula..." Akaitazama ncha iliyovunjika. "Hapana. Si rula. Ni mimi."