Kiti cha Kaka

Spana ilikuwa imeshang'ata nati ya kiti cha baiskeli mama alipotokea mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nashusha kiti, mama."

"Hicho ni cha kaka yako."

Kaka tulimwita Mlingoti kwa urefu wake. Alidandia lori kufuata kazi ng'ambo ya mpaka, akasema mvua zikikatika atarudi. Zikakatika, zikaja nyingine, wala salamu hatukupata. Mama akawa anaifuta ile baiskeli kila asubuhi, na kiti hakutaka kiguswe. Alimsubiri mwanawe kwa kipimo kile kile alichokiacha.

Mimi ndiye niliyeiendesha, nikisambaza mikate, na mimi ni mfupi jamani. Ili kidole cha mguu kiifikie pedali, ilibidi nyonga zicheze huku na huku. Ili niushike usukani, nilijinyoosha kama nguo iliyoanikwa. Mwanzoni kiuno kilikuwa kizito tu. Baadaye yakaja maumivu ya moto, yakiteremka mpaka nyuma ya goti. Jana yake kiuno kiligoma nikiwa kwenye kona, mikate yote ikamwagika barabarani. Mwenye tanuri, mwanamke asiye na mchezo, akaniambia nikiangusha tena nisirudi. Na kazi ile ndiyo iliyotulisha sisi wawili.

"Nikilala kitandani, mama, tutakula nini?"

"Vumilia. Akirudi aikute baiskeli yake."

Hapo nikachemka. Nilikuwa nimevumilia mpaka basi.

"Hata mimi ni mwanao," nikasema. "Mimi nipo hapa. Mgongo unaovunjika ni wangu."

Mama alinijia taratibu, nami nikaikaza mikono kwenye spana, maana nilijua anakuja kuninyang'anya. Niliogopa, lakini sikuiachia. Akapita pembeni yangu, akaushika usukani kwa mikono miwili ili baiskeli isiyumbe.

"Fungua," akasema.

Nati ilikuwa na kutu. Nikaisukuma kwa uzito wangu wote, kiti kikateremka, nikakaza tena, nikapanda. Mguu wangu ukaifikia pedali bila kuitafuta, na mgongo ukatulia.

Nilitaka kumshukuru, ila hakuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa juu kidogo ya kichwa changu, pale ambapo uso wa kaka ungekuwa. Yalikaa hapo kwa muda. Kisha yakashuka polepole mpaka yakakutana na yangu.

"Nenda," akasema. "Mikate itapoa."