Kahawa ya Tatu ya Shangazi Zumra

Vedad alizaliwa na miguu isiyopatana na viti. Shuleni mwalimu alimkalisha karibu na dirisha, akachungulia. Akamkalisha karibu na mlango, akatoka. Sasa mtu wa namna hiyo aje azaliwe Sarajevo, mji ambao mzee mwenye akili timamu anamaliza mchana mzima na finjani moja ya kahawa na jioni anamlalamikia mkewe kwamba amechoka na shughuli! Kazi iliyomfaa ilikuwa moja tu: kutembeza wageni.

Lakini siku hiyo alizidi.

"Daraja la Kilatini hili hapa, mrithi wa ufalme alipigwa risasi pale kwenye kona, vita vikaanza. Twende."

Bwana Sverre, Mnorwe mrefu kama mnara wa saa, ndiyo kwanza alikuwa anainua kamera. "Vita gani?"

"Vile vikubwa. Twende, tutavikuta huko mbele."

Mkewe, Bi Ingunn, alicheka huku akikimbia, na kucheka huku unakimbia si kazi ya mtu mwenye umri wake.

Vedad alikuwa na sababu. Miaka mitatu alikuwa amemfanyia kazi Nermin, mwenye ofisi ya utalii ambaye falsafa yake ilikuwa kwamba mgeni akikaa ataanza kufikiri, na akifikiri ataomba arudishiwe pesa. Wageni wa Nermin walikula chevapi wamesimama, zile nyama ndogo za mkaa ndani ya mkate, vitunguu vikiwadondokea viatuni, kisha wakaswagwa kama kondoo hadi kituo kingine. Vedad alitaka ziara yake mwenyewe: soko la zamani taratibu, mlima wa Vratnik taratibu, halafu chakula cha mchana nyumbani kwa shangazi yake Zumra, ambaye akioka pita, ule unga mwembamba unaoviringishwa na kujazwa mchicha na jibini, jirani wanakumbuka ghafla kwamba waliwahi kuazima chekecheo na ni lazima walirudishe leo.

Shangazi alikataa kipupwe chote. Mwishowe alilegea kidogo. "Lete wawili. Nitawatazama wao, na wewe nitakutazama. Ikishanywewa kahawa ya tatu nitakwambia ndiyo au hapana. Sharti langu unalijua: nyumbani kwangu mgeni hakimbizwi."

Ndiyo au hapana hiyo ndiyo iliyomtoa Vedad usingizini kabla ya majogoo. Na kama vile haitoshi, wakiwa katika kichochoro cha wafua shaba, simu ililia.

"Vedad, ndugu yangu," Nermin alisema kwa sauti tamu, na utamu wa Nermin ulikuwa wa sumu ya panya, "basi la Wafaransa linashusha watu kwenye chemchemi ya Sebilj saa kumi kamili. Usipokuwepo, usihangaike kuja kesho."

"Si ulinipa mapumziko leo?"

"Nilikupa. Nimeyachukua."

Kwa hiyo akili ya Vedad ilikuwa imekwisha kutangulia saa kumi, mwili ukabaki nyuma ukiwachekesha wageni. Alichukua dele dogo la shaba la kupikia kahawa kwenye kibanda kimoja, akaliinua. "Sikilizeni, hili litawaokoa. Katika nyumba ya Kibosnia, kahawa ya kwanza ni ya kukukaribisha. Ya pili ni ya mazungumzo. Ya tatu ikiletwa, tafuta viatu vyako."

"Wanakufukuza kwa kahawa?" Bi Ingunn aliuliza.

"Kwa adabu kabisa."

Bi Ingunn alirudia kwa vidole: karibu, mazungumzo, viatu. Vedad akacheka. Laiti angejua anachimba shimo lake kwa koleo la utani!

*

Shangazi Zumra aliwapokea mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, unga hadi viwikoni. Aliwatazama wageni wakivua viatu, akamgeukia mpwa wake.

"Kiguu na njia umefika. Umewaleta hawa, au umewafukuzia mbwa? Hebu mwone mama wa watu anavyohema!"

"Ni mlima, shangazi."

"Mlima ulikuwepo hata jana. Waambie karibu."

Kahawa ya kwanza ikanywewa, kwa kipande cha sukari na halua laini pembeni. Kisha ikaja supu. Kisha vitunguu vilivyojazwa nyama. Kisha sinia la pita, imejizungusha kama nyoka aliyelala, ukoko wake mwembamba ukivunjika kwa mlio mdogo. Bwana Sverre alitafuna kila tonge polepole, macho yamefumbwa, kama hakimu anayelipima kabla ya kulihukumu.

"Huyu," shangazi alisema, "huyu ni mtu. Mwongezee."

Vedad alimwongezea. Akatazama saa ya ukutani. Akatazama sahani. Mtu anawezaje kutafuna jibini muda wote huo? Jibini halina mfupa! Chini ya meza mguu wake ulikuwa unakwenda kama cherehani, vijiko vikaanza kulia.

"Tetemeko?" Bi Ingunn aliuliza.

"Mguu wa kijana wangu," shangazi alijibu alipotafsiriwa. "Ukimfunga kwenye mashine, utafua nguo za mtaa mzima."

Ikaja kahawa ya pili, na tufaha lililochemshwa kwa sukari, tumbo lake limeshindiliwa njugu za jozi. Hapo ndipo Bi Ingunn alipouliza habari za picha iliyokuwa ukutani, ya mwanamume mwenye masharubu na kofia ya kazi. Shangazi akajiweka sawa kwenye kochi. Vedad alijua maana ya kujiweka sawa kule. Hadithi ndefu ilikuwa njiani.

Marehemu mumewe Ragib, shangazi alianza, alikuwa dereva wa tramu. Wakati huo yeye alikuwa msichana anayeuza mikate. Kila asubuhi Ragib aliisimamisha tramu mbele ya duka lile, mahali ambapo hapakuwa na kituo, akapiga kengele, abiria wakimtukana, hadi Zumra atoke ampungie mkono. Shangazi aliieleza ile kengele, akayaeleza matusi, akamweleza na mama mmoja aliyempiga Ragib kwa kitunguu saumu.

"Alikuwa dereva wa tramu," Vedad alitafsiri. "Wakaoana."

Shangazi alimkodolea macho. "Nimesema maneno yote yale, wewe umetoa mawili?"

"Lugha yao ni fupi, shangazi."

"Na mama wa kitunguu saumu?"

"Kwao hakuna vitunguu saumu."

Akaona bora apeleke vyombo jikoni kabla uongo haujamwishia. Huko jikoni saa nyingine ilikuwa inamngoja, tena hii ilitangulia kidogo. Dele lilikuwa juu ya jiko. Kahawa iliyosagwa ilikuwa ndani ya kopo. Shangazi alisema jibu ni baada ya kahawa ya tatu. Haya, ya tatu haijapikwa kwa sababu mpishi yuko kwenye tramu na marehemu. Maji hayaulizi nani kayachemsha. Vedad akayabandika.

Alipoingia na sinia, shangazi alikuwa ameamua kusimulia kwa mikono, bila mkalimani. Mkono mmoja ulikuwa juu, ukivuta kamba ya kengele isiyoonekana. "Basi siku moja kengele haikulia..."

Finjani zikagongana. Bi Ingunn aliliona sinia. Akahesabu kwa vidole: karibu, mazungumzo... Uso ukamwiva. Akasimama, akamvuta mumewe mkono, naye tufaha limemjaa mdomoni. "Samahani, mama. Samahani sana, tumekaa mno," akawa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Shangazi hakujua Kiingereza, lakini viatu alivielewa.

Aliushusha ule mkono wa kengele. "Nani kawafukuza wageni wangu?"

"Shangazi, ni kahawa tu."

"Kahawa tu! Fadila wa nyumba ya pili, mwenye mdomo ule unaoujua, hata yeye sijampa ya tatu kabla hajamaliza uongo wake! Watoto hawa wametoka mwisho wa dunia, unawatoa na chakula kinywani?" Watoto hao walikuwa na wajukuu. "Waambie nani kawafukuza. Na usinifupishie."

Vedad alisimama na sinia lake. Bwana Sverre alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja.

"Si yeye," Vedad alisema. "Yeye angekaa nanyi hadi kesho. Ni mimi. Kuna basi chini mjini, nikilikosa nimekosa kazi."

Simu ikalia mfukoni. Jina la Nermin likawaka. Kuteremka Vratnik kwa mbio, kukata uani kwa watu, angewahi bado. Hakuamua kitu, lakini vidole vya miguu vilikuwa vimeshaelekea mlangoni.

Shangazi alimpokonya sinia, akaenda akaimwaga kahawa yote kwenye sinki. Akarudi na dele tupu.

"Kahawa ikiharibika haitiwi kiraka. Tunaanza ya kwanza. Anayekunywa akae, anayekwenda aende."

Bwana Sverre akavua kiatu. Vedad akaitia simu chini ya mto wa kochi, akaukalia. Mguu ukaanza tena. Shangazi akamwekea magotini bakuli kubwa la njugu za jozi lililojaa pomoni, na nyundo ndogo. "Vunja. Ikianguka hata moja, nitaisikia."

Kwa hiyo alikaa. Njugu moja, nyingine, huku simu ikimtetemekea makalioni kama siafu, ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza kabisa.

"Siku moja kengele haikulia," shangazi aliendelea. "Nikatoka na hasira zangu. Nikamkuta Ragib amesimama barabarani kwa miguu, kofia mkononi. Kazini wamemtoa, kwa sababu ya ile tramu."

Vedad alitafsiri neno kwa neno, na mama wa kitunguu saumu akamrudisha mahali pake.

"Akafanyaje?" Bi Ingunn aliuliza.

"Akaja kesho yake, kwa miguu. Na keshokutwa. Kengele akaipiga kwa mdomo."

Wageni waliondoka wenyewe, wakati wao, wakiwa wamebebeshwa pita ya njiani. Mlangoni Bi Ingunn aliinua vidole vitatu, akakunja uso kuuliza.

"Mwambie ya tatu imekwisha," shangazi alisema.

Vedad aliwasindikiza hadi kona, akarudi mbio. "Na jibu, shangazi? Ulisema baada ya kahawa ya tatu."

"Ya tatu umelinywesha sinki, kaliulize." Alikuwa anafuta meza, akaifuta mara mbili mahali pamoja. "Jumamosi lete wengine. Wasizidi viti. Na dele langu ukiligusa tena, nitakukata mkono niuoke."

Vedad aliruka, akambusu kitambaani, akainama mlangoni kuvaa viatu. Dunia nzima ilipaswa kuambiwa, tena sasa hivi.

"Unakwenda wapi? Njugu hujamaliza."

Akarudi, akakaa, akapakata bakuli. Mguu mmoja ulikuwa umeshavaa kiatu.